Chupa Moja, Kazi Tatu: Polishi ya Gari katika Vumbi na Matope ya Bukavu

Wewe dereva uliyekwama kwenye msongamano wa Nyawera, dirisha wazi, redio ikizungumza, usizime. Leo mazungumzo yanakuhusu wewe zaidi ya wengine wote.

Leo tunazungumza juu ya rangi ya gari. Injini tutaiacha, breki tutaziacha, tutashika rangi peke yake. Kuna chupa zinazouzwa madukani zinazoahidi kufanya kazi tatu kwa mkupuo mmoja. Kazi ya kwanza, kuondoa uchafu ulioganda juu ya rangi. Ya pili, kupunguza mikwaruzo midogo na kurudisha mng'ao. Ya tatu, kuacha utando mwembamba wa kuilinda rangi dhidi ya jua, maji na vumbi. Chupa moja, kazi tatu. Je, ahadi hiyo ni ya kweli? Na kwa gari linalolala nje na kupanda vilima vyetu kila siku, chupa hiyo inafaa?

Nasikia mmoja anasema: ndugu mtangazaji, mji una mizigo yake, barabara ndizo hizi tunazozijua, wewe unatuletea habari za kung'arisha magari? Nakuelewa, mama. Nakuelewa, baba. Lakini hapa kwetu gari ni mtaji. Noah inayobeba abiria kutoka Place mpaka Essence ndiyo inayolipa minervali ya watoto, ndiyo inayonunua fufu na sambaza ya jioni. Na siku ikibidi kuliuza gari hilo, mnunuzi anafanya nini kwanza? Hafungui kapo. Analizunguka. Anapitisha kidole kwenye mlango. Kabla hajauliza habari za injini, ameshakata bei kichwani mwake.

Sasa tuanze na rangi yenyewe, maana asiyejua rangi imejengwaje ataiharibu kwa mkono wake mwenyewe.

Magari mengi tunayoendesha hapa yalianza maisha yake Japani. Ndiyo sababu volani iko kulia, ingawa sisi Wakongomani tunaendesha upande wa kulia wa barabara. Yamevuka bahari, yameshuka Dar es Salaam au Mombasa, kisha yakapanda kwa barabara mpaka kwetu. Yanafika yakiwa yamekwisha kuonja jua la miaka mingi. Karibu yote yamepakwa rangi kwa namna iliyoenea duniani tangu miaka ya 1980: juu ya bati kuna tabaka la kuzuia kutu, juu yake tabaka la kusawazisha, juu yake rangi yenyewe, nyeupe au nyeusi au ya fedha, na juu kabisa vernisi isiyo na rangi. Unapoligusa gari, hugusi rangi. Unagusa vernisi. Mng'ao wote uko pale, na dawa inayokinza miale ya jua imo mle ndani.

Vernisi hiyo ina unene gani? Kwa kawaida ni mikroni 40 au 50 hivi. Mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Unywele wa kichwani mwako, kwa kawaida, ni mnene kuliko vernisi ya gari lako. Hilo nalirudia kwa sababu ndilo msingi wa mazungumzo yote: kinachong'aa kwenye gari lako ni chembamba kuliko unywele, na kikiisha hakioti tena.

Polishi inafanya nini hapo? Mama anayesugua sufuria kwa majivu mpaka ing'ae anajua siri yake: sufuria haikuongezewa kitu, imepunguzwa. Polishi nayo inapunguza. Ndani yake mna chembe ngumu, nyingi zikiwa za oksidi ya alumini, zilizosagwa laini sana. Zinalamba ule uso wa juu uliochakaa, kingo za mikwaruzo zinalainika, mwanga unarudi sawasawa, na jicho linasema gari limekuwa jipya. Limepungua kidogo, ndiyo maana limeng'aa.

Hizi chupa za yote-katika-moja zina chembe hizo, ila chache na laini. Zina kimiminika cha kuyeyusha uchafu wa mafuta na lami. Halafu zina kitu cha kulinda: aidha nta, mara nyingi ile ya carnauba inayotoka kwenye majani ya mti wa Brazili wa jamii ya mitende, aidha polima za kiwandani, ambazo kwa kawaida huvumilia jua na sabuni kuliko nta. Chembe zinasugua, kimiminika kinasafisha, polima inabaki.

Mtu wa kazi maalumu, yule anayetayarisha gari la maonyesho, hafanyi hivyo. Atasugua kwa dawa kali, atasugua tena kwa laini, atafuta mafuta yote, ndipo apake kinga peke yake. Ni kazi ya siku nzima au mbili. Chupa ya yote-katika-moja ni suluhu ya katikati. Haikati mikwaruzo kama ile dawa kali, na kinga yake haikai kama ile iliyopakwa peke yake. Msimamo wangu ni huu: kwa taksi, kwa Noah, kwa gari la familia linalotoka Panzi kila asubuhi, suluhu hiyo ya katikati ndiyo sahihi. Nani kati yetu ataliegesha gari la kazi siku mbili kwa ajili ya kusugua? Tena, kwa vernisi nyembamba kama tuliyoisema, dawa laini ni rehema.

Sasa, adui wa rangi hapa Bukavu ni nani?

Kuanzia Juni hadi Agosti ni vumbi. Kuanzia Septemba ni matope, yale mekundu ya vilima vyetu. Vumbi na matope ni kitu kimoja, kimoja kikavu, kingine kibichi, na ndani ya vyote viwili mna punje ngumu kuliko vernisi. Ukipitisha tambara kavu juu ya gari lenye vumbi, unachora. Simama juani utazame kapo ya gari jeusi: zile duara nyembambanyembamba kama utando wa buibui hazikuja na meli. Nyingi zimechorwa hapahapa, kwa tambara na ndoo.

Halafu kuna jua. Tuko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari na tuko jirani na ikweta. Kadiri unavyopanda ndivyo miale inayounguza inavyozidi ukali, hata kama upepo wa ziwa unakudanganya kwamba kuna baridi. Angalia paa la gari na kapo: ndipo panapochakaa kwanza, milango inafuata baadaye sana.

Na kuna maji. Hapa nitakaa kidogo, maana ni jambo letu hasa sisi wa kando ya ziwa. Vijana wengi wanaosha magari na pikipiki kandokando ya ziwa. Maji ni ya bure, yako karibu, yanaonekana safi. Lakini Ziwa Kivu si kama maziwa mengine. Linalishwa pia na chemchemi za chini kwa chini zinazopita kwenye miamba ya volkano, na maji yake yamebeba madini mengi yaliyoyeyuka, hasa bikaboneti na magnesiamu. Yaache yakauke yenyewe juu ya gari jeusi saa sita mchana. Maji yanapanda hewani, madini yanabaki. Unaona madoa meupe ya mviringo, unaosha tena kwa maji yaleyale, yanaongezeka! Yakikaa juani siku nyingi yanaanza kuila vernisi. Kwa hiyo, ukioshea maji ya ziwa, kausha gari mara moja kwa kitambaa safi, usiliache lijikaushe. Madoa yakiwa yamekwisha kukaa, changanya siki na maji safi nusu kwa nusu, pangusa, suuza vizuri. Yatakayobaki hafifu, polishi itayaondoa. Na maji machafu ya sabuni na grisi, tafadhali, yasirudi ziwani. Sambaza wetu wanaishi humo.

Niongeze adui mmoja ambaye tunamwita rafiki: mazutu. Kuna waoshaji wanaomalizia gari kwa tambara lililolowa mazutu, na gari linang'aa kweli, mwenye gari anafurahi na kutoa faranga za soda. Mng'ao huo ni mafuta tu. Linapanda mlima mmoja, vumbi lote la barabara limenata pale. Kesho yake linaoshwa kwa kusuguliwa zaidi, na punje zilezile zinachora zaidi. Zamani, mafuta yalikuwa na maana. Kampuni ya Meguiar's, ambayo leo ni jina kubwa la polishi za magari, ilianzishwa Marekani mwaka 1901 na Frank Meguiar, aliyekuwa akitengeneza polishi ya samani za mbao huko Indiana. Wakati ule magari yalipakwa vanishi za aina ileile ya samani, na vanishi hizo zilifaidi mafuta. Vernisi ya leo hainywi mafuta. Haina njaa hiyo. Mazutu tuyaachie malori.

Basi tufanye kazi. Chukua kalamu kama unayo.

Kwanza ni kuosha, na kuosha ndiyo sehemu kubwa kuliko hata polishi yenyewe. Mwaga maji mengi kwanza, bila kugusa, mpaka matope yashuke yenyewe. Kisha chukua ndoo mbili. Moja ya sabuni, moja ya maji matupu ya kusuuzia sifongo. Sifongo likitoka kwenye gari linapita kwanza kwenye maji matupu, linaacha mchanga pale, ndipo linarudi kwenye sabuni. Ndoo mbili, wasikilizaji, ndoo mbili. Anza juu kwenye paa, malizia chini, na magurudumu yawe na tambara lao peke yao. Sabuni ya unga ya kufulia ni kali, inaondoa kinga yote. Siku ya kupaka polishi mpya haina madhara makubwa kwa kuwa kinga ya zamani tunaitaka itoke, lakini siku nyingine tafuta shampuu ya gari.

Likishakauka, ingiza mkono wako kwenye sashe nyembamba ya plastiki upapase kapo taratibu. Utashangaa. Mahali ulipodhani ni laini utahisi vipele: lami, chembe za chuma za breki, utomvu wa miti. Vikiwa vingi kuna udongo maalumu wa kuvitolea, unaoteleza na maji ya sabuni. Udongo wa dukani, lakini, usije ukachimba nyuma ya nyumba. Vikiwa vichache, polishi itavimudu.

Tafuta kivuli. Bati liwe baridi, uweze kuweka kiganja na kukiacha. Fanya asubuhi, kwa sababu jua halijapanda na kwa sababu katika masika yetu mvua hupenda kuja mchana. Ziba plastiki nyeusi zisizopakwa rangi kwa skochi ya karatasi wanayotumia wapaka rangi. Polishi ikikauka humo inaacha weupe mbaya, na utakuwa unapigana nao kwa mswaki wa zamani na sabuni.

Sasa jaribu sehemu ndogo kwanza, pembeni, isiyoonekana sana. Matone manne, matano, kwenye sifongo laini. Usimwage kwenye kapo kama unayemwagilia bustani, dawa nyingi haing'arishi zaidi, inachelewesha kupangusa tu. Fanya eneo la nusu mita kwa nusu mita. Paka kwa mistari iliyonyooka, kisha ikate kwa mistari ya upande mwingine, kwa nguvu ya wastani, mpaka ule weupe uwe hafifu. Kwenye kingo za milango na kona za kapo mkono uwe mwepesi, maana vernisi pale ni nyembamba zaidi. Hapohapo tazama sifongo lako. Limetoka na rangi ya gari? Basi gari hilo halina vernisi juu, ni rangi ya tabaka moja ya zamani, au vernisi imekwisha. Ukiona hivyo, punguza nguvu, na katika miaka ijayo polishi ipakwe kwa nadra.

Chupa nyingine zinataka upanguse dawa ikiwa bado mbichi, nyingine zinataka ikauke iwe kama ukungu. Maelezo yako kwenye chupa. Yakiwa kwa Kichina au Kiarabu na hapana wa kukusomea, pitisha kidole: kikiacha njia safi, dawa iko tayari. Pangusa kwa kitambaa cha mikrofaiba kilichokunjwa mara nne, upande ukijaa unageuza. Kikianguka chini, kwenye mchanga, usikiokote ukaendelea. Kiweke kando mpaka kifuliwe. Najua inauma, lakini punje moja tu ya mchanga kwenye kitambaa inafuta kazi ya asubuhi nzima.

Ukimaliza, liache gari pakavu saa kadhaa, hata usiku mzima kama inawezekana, kinga ishike.

Kuhusu mashine nina neno moja. Nimeona watu wakifunga sifongo kwenye meule ya kukatia vyuma. Ile inazunguka zaidi ya mara elfu kumi kwa dakika, wakati mashine ya polishi ya kuzunguka huishia karibu elfu tatu. Meule inaunguza vernisi kabla hujaona. Kwa chupa hii mkono unatosha, na mkono haungoji umeme wa SNEL.

Sasa ukweli kuhusu mipaka yake. Mkwaruzo ambao ukucha wako unakwama ukiupitisha, polishi haitauondoa. Huo ni wa tolie na mpaka rangi. Kokoto za barabara ya Ngomo zikishabandua rangi mpaka bati, polishi haizuii kutu. Paka rangi ya kugusishia kwanza. Rangi isiyong'aa kwa makusudi, ile iliyofubazwa kiwandani, usiiguse kabisa. Gari lililotoka kupakwa rangi upya subiri kama mwezi, maana rangi bado inatoa hewa ya viyeyusho vyake. Na ukilipeleka kwa mpaka rangi baada ya kutumia polishi hizi, mwambie. Nyingi zina silikoni, na silikoni isiposafishwa, rangi mpya inaikataa na kufanya vishimo vidogovidogo. Fundi atalaumiwa bure.

Jihadhari pia na mng'ao wa siku tatu. Baadhi ya dawa zina mafuta yanayoziba mikwaruzo kwa muda tu; mvua mbili na mikwaruzo inarudi. Na bandia zipo. Kampuni ya Abro ya Marekani, ambayo bidhaa zake zinajulikana sana Afrika, ilipambana kwa miaka na kiwanda kimoja cha Hunan, China, kilichouza bidhaa kwa jina lake. Kama jina kubwa hivyo liliigwa, angalia muhuri wa kifuniko, angalia maandishi, tikisa chupa usikie kama ina kitu kizito au maji matupu.

Kinga inakaa muda gani? Chupa inaweza kuandika miezi sita. Gari la Bukavu, linalolala nje na kuoshwa kila jioni, lihesabie wiki kadhaa hadi miezi michache. Huna haja ya kubahatisha: mwaga maji safi kwenye kapo. Yakijikusanya kuwa matone na kukimbia, kinga ipo. Yakilala na kutandaa, imekwisha. Mimi napendelea mara mbili kwa mwaka, Juni kabla vumbi halijapamba moto, na Septemba mvua zinaporudi. Zaidi ya hapo unaila vernisi bila sababu. Katikati ya hapo osha tu, vizuri.

Vijana wa lavaji, asanteni kwa kazi mnayoifanya juani. Ombi langu kwenu ni ndoo ya pili. Na kwako mwenye gari: kesho ukifika kwenye lavaji, kabla hujatoa ufunguo, chungulia ndani ya ndoo. Maji yakiwa ya matope, omba mengine, hata kama itabidi uongeze faranga kidogo.